Herufi za kanga kwenye picha ya megapikseli 3

Kina mama tisa wamesimama mstari mmoja, sare ya kanga, harusi ya mwaka 2011. Picha imepigwa kwa Huawei IDEOS, kile kisimu cha Android 2.2 ambacho Safaricom ilikiuza Kenya kwa bei ya chini ya shilingi 10,000. Ukikuza sehemu ya kanga ya mama wa tatu kutoka kushoto, juu kidogo ya pindo la chini, unaona mstari wa kijivu uliokatikakatika. Mswahili akiukodolea macho kwa sekunde mbili anausoma: WEMA HAUOZI.

Kisha picha hiyohiyo inapitishwa kwenye programu ya akili mnemba ya kusafisha picha. Kitufe kimoja tu. Nyuso zinang'aa, kope zinahesabika, ukuta wa nyuma umekuwa laini kama umepakwa rangi asubuhi. Na kwenye kanga herufi zimekaa wima, nyeusi, kali, kama zimetoka kiwandani jana. Zinasomeka: WFNA HAUQZT.

Hakuna lugha yenye neno hilo.

Kilichonikereketa kwa wiki kadhaa si herufi. Herufi zikikosewa kila mtu anaona na kucheka. Kilichonikereketa ni kope. Ikiwa mashine ilibuni maandishi kwa ujasiri ule, kope za mama wa tatu imezitoa wapi? Maandishi yana kamusi ya kuyashitaki. Uso hauna.

## MB 16

Jibu halianzii kwenye akili mnemba. Linaanzia kwenye kumbukumbu ya simu.

Simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1 iliyotengenezwa na HTC, iliingia sokoni Oktoba 2008 ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 192 na kamera ya megapikseli 3.15. Hizo ni namba za kwenye boksi. Aliyekuwa akiandika programu za picha alitolewa jasho na namba nyingine kabisa: 16. Mfumo uliigawia kila programu MB 16 za kufanyia kazi, na ikizizidi, inakufa palepale. Simu za bei nafuu za miaka miwili mitatu iliyofuata, zenye skrini ndogo kama ya IDEOS, zilibaki karibu na kipimo hicho.

Piga hesabu. Picha ya pikseli 2048 kwa 1536 ikiwa imelala kwenye memori kadi inachukua MB 1 au pungufu, kwa sababu JPEG, muundo wa faili la picha, imeibana. Lakini kuhariri kwa kawaida kunataka picha ifunguliwe, na ikifunguliwa kila pikseli inadai baiti 4: nyekundu, kijani, bluu na uwazi. 2048 mara 1536 mara 4 ni baiti 12,582,912. MB 12 kamili. Zimebaki MB 4 za vitufe, menyu na vikorokoro vingine vyote. Na bado hujaanza kazi, maana kuhariri kunataka nakala mbili, ile unayoisoma na ile unayoiandika. MB 24 kwenye chumba cha 16.

Aliyeandika programu za Android enzi zile anaukumbuka ujumbe uliofuata kama mwanafunzi anavyokumbuka fimbo ya mwalimu wa zamu: "bitmap size exceeds VM budget".

Kulikuwa na milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ulikuwa kupunguza rangi, baiti 2 kwa pikseli badala ya 4. Unaokoa nusu ya kumbukumbu, lakini rangi zinashuka kutoka milioni 16 hadi 65,536, na anga pamoja na mashavu vinaanza kuonyesha mistari ya ngazi. Wa pili ulikuwa mpangilio uitwao inSampleSize. Ukiupa thamani 2, mfumo unafungua picha kwa nusu ya upana na nusu ya kimo: 1024 kwa 768, MB 3 tu. Programu inapumua. Wengi walipita mlango huu, na kwa kuonyesha picha kwenye skrini ya pikseli 240 kwa 320 hakukuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulikuja kwenye kuhifadhi. Programu nyingi za fremu, maua na filta zilihifadhi picha hiyohiyo ndogo iliyokuwa ikifanyiwa kazi. Uliongeza mpaka mweupe na jina la bwana harusi, ukabonyeza kuhifadhi, na robo tatu ya pikseli zikaondoka bila hodi.

Sasa rudi kwenye kanga. Kwenye picha ya awali, herufi zile zilikuwa na kimo cha pikseli 8 hivi. Kwenye nakala iliyopitia programu ya fremu, ambayo ndiyo tuliyonayo, zina pikseli 4. Tofauti yake si ya "ubora" tu. Chora herufi E kwenye karatasi ya miraba: mstari, nafasi, mstari, nafasi, mstari. Ni safu 5. E haiwezi kukaa kwenye safu 4. Haijafichika ndani ya faili ikisubiri programu nzuri zaidi ije kuitoa. Haimo.

Android haikuwa peke yake. Nokia N95 ya mwaka 2007 ilikuwa na kamera ya megapikseli 5 na RAM ya MB 64. Picha yake moja ikifunguliwa yote inameza karibu theluthi ya kumbukumbu ya simu nzima. Kwenye Symbian, mfumo wa simu za Nokia za wakati ule, mwandishi wa programu alilazimika kudhani kwamba kila ombi la kumbukumbu linaweza kukataliwa, na kuandaa usafi wake mapema. Ilichosha, lakini ilimfunza mtu adabu. iPhone ya kwanza, mwaka huohuo, ilikuwa na megapikseli 2 na lenzi isiyorekebisha fokasi, na kunakili na kubandika kulikuja mwaka 2009.

## Mtego wa kijipicha

Kuna mtego mwingine uliozika picha nyingi zaidi, nao haukuwa wa kumbukumbu bali wa kutosoma maelekezo.

Programu ya Android ilipoiomba kamera ya simu ipige picha, ilitakiwa pia kuiambia faili kubwa iandikwe wapi. Ikisahau kusema, kamera haikulalamika. Ilirudisha kijipicha kidogo, kwa adabu zote, na programu ikakipokea na kukihifadhi ikidhani ndicho kitu chenyewe. Kwenye skrini ya inchi 2.8 hukuona kasoro. Ndiyo maana baadhi ya picha za miaka ile, ukizifungua leo kwenye kompyuta, zina ukubwa wa stempu ya posta.

Na kuna kaburi la tatu ambalo kwa bahati lina mlango. Mfumo wenyewe ulikuwa ukitengeneza vijipicha vya kuonyesha kwenye galari na kuviweka kwenye folda iliyofichwa, DCIM/.thumbnails. Vikubwa vyake vilikuwa vya pikseli hadi 512 kwa 384. Humohumo kulikuwa na lile faili maarufu la .thumbdata3--1967290299, lililojaa vijipicha vya 96 kwa 96, ambalo mafundi simu walilifuta kila siku kwa sababu lilivimba hadi kumaliza nafasi. Mtu alifuta picha akidhani imekwenda, kumbe kivuli chake kilibaki.

Vivuli hivyo ndivyo watu wanavyovilisha akili mnemba leo.

## Wasweden waliokataa hesabu

Mjini Lund, Sweden, kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo Scalado ambayo haikuikubali ile hesabu ya MB 12. JPEG imejengwa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Wao wakatafuta njia ya kufikia vipande wanavyovihitaji tu bila kuifungua picha nzima, kama mtu anayetoboa kona ya gunia kuonja mchele badala ya kulimwaga lote sakafuni. Kwa simu za wakati ule ilikuwa karibu na uganga.

Lakini ninayoirudia kichwani ni kazi yao nyingine. Februari 2012, kwenye maonyesho ya simu ya Barcelona, walionyesha kitu walichokiita Remove. Simu inapiga picha kadhaa mfululizo, inamtambua mtu anayekatiza nyuma, unamgusa kwa kidole, anatoweka. Ukuta uliokuwa nyuma yake unajitokeza. Mwaka huohuo Nokia ikatangaza kununua teknolojia ya kampuni hiyo na kuchukua wataalamu wake.

Oktoba 2021 Google ikaleta Magic Eraser kwenye simu yake ya Pixel 6. Unamgusa mtu, anatoweka, ukuta unajitokeza.

Kidole ni kilekile. Ukuta si uleule.

Ukuta wa Scalado ulipigwa picha. Ulitoka kwenye fremu nyingine, yaani picha nyingine ya mfululizo uleule, sekunde moja kabla au baadaye, mpita njia alipokuwa ameshasogea. Kama kulikuwa na ufa pale ukutani, utauona. Mtu akisimama tuli kwenye fremu zote, Remove inashindwa, na unaona kwamba imeshindwa. Ukuta wa Magic Eraser unakisiwa kutokana na matofali ya jirani na kuta nyingi ambazo mashine ilifunzwa nazo. Ufa ukiwepo, umekwenda. Wala haishindwi waziwazi: pale isipojua, inajaza.

Mimi sidai kwamba njia ya zamani ni bora kwa kila kazi. Picha ya 2011 ina fremu moja tu, na Scalado wasingeweza kuisaidia kwa lolote. Nasema tu kwamba kati ya 2012 na 2021 swali lilibadilika, kutoka "kulikuwa na nini nyuma yake?" hadi "nyuma ya mtu kwa kawaida huwa kuna nini?", na kitufe hakikubadilika sura.

## Mchoro wa 2004

Jambo moja ambalo wengi wanaotumia Android hawalijui: haikuanzia kwenye simu. Kampuni ya Android ilipoanzishwa Palo Alto mwaka 2003, wazo lilikuwa mfumo wa kamera za kidijitali. Mwaka 2013 jijini Tokyo, Andy Rubin, mmoja wa waanzilishi wake, alionyesha hadharani mchoro waliokuwa wakiwapelekea wawekezaji Aprili 2004: kamera inaungana na kompyuta, kompyuta inaungana na kituo cha data cha Android, picha zinakaa huko. Miezi michache baadaye wakaona soko la kamera linapoa, wakaugeuza mfumo uleule kuwa wa simu.

Mchoro ule umetimia kwa mzunguko. Magic Editor, iliyokuja na Pixel 8 mwaka 2023 na kufunguliwa kwa watumiaji wote wa Google Photos mwaka 2024, inataka intaneti kwa sababu kazi nzito inafanyika kwenye seva. Wakati huo asiye na Pixel wala kulipia aliruhusiwa kuhifadhi picha 10 kwa mwezi. Clean Up ya Apple, iliyokuja na iOS 18.1 Oktoba 2024, inafanya kazi ndani ya simu yenyewe, lakini inadai iPhone 15 Pro au mpya zaidi. Kwa hiyo ama unalipa kwa bando, ama unalipa kwa simu. Ile hesabu ya MB 16 bado ipo, imehamia tu kwingine.

## Kope

Sasa tuzifikie.

Programu za kurudisha nyuso, zile za msimbo wazi kama GFPGAN na CodeFormer ambazo kazi yake imo ndani ya huduma nyingi za kitufe kimoja, zinafanya hivi: zinatafuta uso, zinaukata pamoja na nywele na kidevu, zinaukuza hadi pikseli 512 kwa 512, zinauchora upya, kisha zinaubandika mahali pake. Kwenye nakala yetu ya 1024 kwa 768, kipande cha uso wa mama wa tatu kina upana wa pikseli 50 hivi. Kutoka 50 hadi 512 ni zaidi ya mara 10 kwa upana na mara 10 kwa kimo. Kila pikseli moja iliyotoka kwenye kamera inazaa zaidi ya 100.

Mama mmoja, watoto mia. Wamefanana na nani?

Wamefanana na FFHQ. Ni mkusanyiko wa nyuso 70,000 uliotolewa na kampuni ya NVIDIA, picha zikiwa zimetoka Flickr, mtandao wa kuwekea picha, na ndio uliozifunza programu zote mbili. Atakayekosekana Flickr, sura yake inakisiwa kwa kutumia waliopo. Mwaka 2020 programu ya Chuo Kikuu cha Duke iitwayo PULSE, inayokuza uso wa pikseli 16 kwa 16 hadi 1024 kwa 1024, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa ikarudisha mzungu. Watu walicheka, wengine wakakasirika. Lakini pale kulikuwa na bahati ambayo mama wa tatu hana: dunia nzima inajua sura ya Obama.

Makosa kwenye nyuso zetu yana mtindo. Ngozi nyeusi iliyopigwa picha chini ya turubai imekaa kwenye vivuli, ambako JPEG ya simu ya bei nafuu imehifadhi ngazi chache mno za mwanga. Mashine inaziona kama chengachenga, inazipangusa, na mahali pake inaweka ngozi laini yenye kung'aa, mara nyingi nyeupe kidogo kuliko mwenyewe. Chale zinafutwa kama mikwaruzo. Mwanya unazibwa. Piko na hina vinageuka madoa. Mtu mzima wa miaka sitini anarudishwa arobaini na mitano, na hakuna ndugu atakayelalamika kwa hilo.

## Na sisi je?

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa.

Nimesema Mswahili anausoma ule mstari wa kijivu. Lakini nimeshaonyesha kwamba E haimo. O na U kwa pikseli 4 karibu hazitofautiani. Msomaji anasoma nini basi? Anasoma anachokijua. Ameona kanga hiyo kwa shangazi, ameisikia methali, macho yanapata W mbele na Z karibu na mwisho, akili inamalizia. Anabuni, sawasawa na mashine, ila yeye amefunzwa na kanga na siyo Flickr.

Kwa hiyo siwezi kusema mashine inadanganya na sisi tunaona. Nilijaribu kuliandika hivyo, nikalifuta.

Tofauti niliyoipata ni nyembamba, lakini ipo. Msomaji akisoma WEMA HAUOZI, ule mstari wa kijivu unabaki mstari wa kijivu. Akija mwingine akasema "hapana, hiyo ni WEMA HAUFI", wanaweza kurudi wote kwenye picha na kubishana. Mashine ikishasoma, inaufuta ushahidi iliousomea. WFNA HAUQZT imekaa juu yake, na anayepokea picha kwenye kundi la familia hana pa kurudi.

## Ukiwa na picha ya namna hii

Tafuta kwanza faili la awali, usianze na lililopitia WhatsApp. Toa memori kadi, angalia DCIM. Kwa Nokia za Symbian angalia folda ya Images, ambamo picha zimepangwa kwa mwaka na mwezi. Soma vipimo. Picha ya megapikseli 3 inatakiwa isome 2048 kwa 1536. Ikisoma 1024 kwa 768, ilipita kwenye programu, na huenda mzazi wake bado yupo kwenye kadi hiyohiyo kwa jina lingine. Nusu saa ya kutafuta inashinda programu yoyote ya kulipia.

Ukiipata hiyo ndogo tu, ongeza mwanga kidogo kwenye sehemu za giza kabla ya kuipeleka kwenye akili mnemba, siyo baada yake, ili nyuso zisitafsiriwe kama uchafu. Kuza mara 2, si mara 4. Kwenye CodeFormer kuna kitelezi kiitwacho w, cha 0 hadi 1: kikiwa chini uso unapendeza na kuwa wa mtu mwingine, kikiwa juu unafuata ulichokipa. Anzia 0.8. Uso wa chini ya pikseli 30 uache kabisa, hakuna cha kurudisha pale.

Kisha fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Weka picha ya awali chini, iliyokuzwa mara 2 kwa njia ya kawaida ya Cubic, na ile ya akili mnemba juu yake kama tabaka la pili. Ongeza barakoa (layer mask) nyeupe kwenye tabaka la juu, chukua brashi nyeusi, na pakaa kila penye maandishi: kanga, bango, namba ya gari, jina la duka. Hapo ya awali itatokeza. Kwenye nyuso tumia brashi ya kijivu cha kati, nusu kwa nusu, hadi ukungu kidogo urudi. Mwite anayemfahamu mhusika atazame akiwa hajaiona picha ya zamani, na umuulize ni nani. Akisita, punguza.

Hifadhi kwa jina jipya na uiache ya awali ilivyo. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa tena na taarifa zake za ndani zinaondolewa, pamoja na maelezo yoyote kwamba ilihaririwa.

Na kabla ya yote hayo, uliza picha inakwenda wapi. Ikiwa ni ya kuchapwa 4R na kuwekwa kwenye fremu sebuleni, faili la 2048 kwa 1536 linatosha bila msaada wa mtu. Inchi 6 kwa 4 kwa ubora kamili wa nukta 300 kwa inchi zinataka 1800 kwa 1200 tu. Hata ile ya 1024 inatoa nukta 170 kwa inchi, na ukutani hakuna atakayeilaumu.

Kwenye karatasi hiyo, herufi za pikseli 4 zina kimo cha milimita 0.6. Atakayeisogeza karibu na macho ataona mstari wa kijivu uliokatikakatika juu ya pindo, na kama aliwahi kuwa na kanga hiyo, atausoma.